Saa Nne ya Wapi?

Ndugu wasomaji, wazazi, walezi na wageni waalikwa: kwa heshima na taadhima natangaza kwamba enzi ya teknolojia imewasili rasmi mtaa wa Sogea, mjini Tunduma. Iliwasili Jumatatu mchana ndani ya mfuko wa mbolea, imeviringishwa kwa shuka, na ilikuwa inanuka mbuzi.

Harufu hiyo ilikuwa na maelezo. Deus, fundi kompyuta asiye na cheti lakini mwenye maneno ya watu wenye vyeti, aliipata mashine hiyo kule Ibaba kwa kubadilishana na beberu. Alishuka nayo kutoka milimani akiwa ameipakata kama mtoto mchanga, akaiweka juu ya meza ya dada yake Conjesta, akafuta jasho.

"Ina miaka kumi na minne," alisema. "Lakini moyo wake bado mzima."

Kalisti, mume wa Conjesta, mwalimu wa kwaya na mtu asiyependa kuharakishwa, aliizunguka meza mara mbili. "Na beberu naye alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa, shemeji."

"Basi watu wa Ibaba wamekuweza."

Conjesta hakucheka. Alikuwa ameshika barua, na barua ile ndiyo iliyokuwa imegeuza nyumba nzima. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa akiwapikia madereva kandokando ya foleni ya malori. Alijua Kiswahili, Kinamwanga na Kibemba, pamoja na Kiingereza cha kutosha kumtoa dereva kwenye kiti bila ugomvi. Sasa kampuni moja ya usafirishaji ya Dar es Salaam ilikuwa inatafuta mtu wa kupokea malori yake mpakani, mtu wa kukaa ofisini, mwenye meza na kiti. Aliomba. Wakamjibu. Usaili ungefanyika Jumatano saa nne asubuhi, kwa video, na ilikuwa lazima atumie kompyuta, "ili kupima uwezo wa mwombaji wa kutumia vifaa vya ofisi."

Kiti hicho hakikuwa fahari tu. Daktari alikuwa amemwangalia macho mara tatu, na mara ya tatu alimwambia wazi: macho haya na moshi, mama, chagua kimoja.

"Kwa nini usiende pale kwa Ambilikile?" Deus alikuwa amemuuliza wiki iliyopita. Ambilikile ndiye mwenye steshenari pale njia panda, mwenye kompyuta tano na feni moja inayomwelekea yeye mwenyewe. Conjesta alikwenda. Ambilikile aliisoma barua kwa sauti mbele ya wateja wote, kisha akasema, "Mama Goodness, usaili na ugali wapi na wapi? Hii si sufuria, hii. Ukiikoroga inaharibika." Wateja wakacheka, hata wawili waliokula kwa Conjesta asubuhi ile kwa ahadi ya kulipa kesho. Yeye akaichukua barua yake, akaikunja mara nne, akatoka.

Ndiyo maana beberu alitolewa.

*

Kabla kazi haijaanza, Conjesta alitangaza sheria. "Kompyuta hii ni ya usaili. Na jioni saa moja ikifika, inazimwa, watu washike vitabu. Nimeeleweka?"

Alikuwa akimtazama binti yake, Goodness, aliyekuwa nyumbani kwa likizo kutoka shule ya bweni, ambayo hufunga mapema kuliko za mtaani. Goodness ni mtoto mtulivu, mwenye adabu na sura ya unyenyekevu, ambaye kwa kweli hahusiki sana na hadithi hii. Aliitikia, akaenda zake uani kuosha vyombo, kama ilivyo kawaida yake.

Deus aliiwasha mashine. Ikanguruma, ikatoa upepo wa moto ubavuni, ikaonyesha kiduara kinachozunguka. Kiduara kilizunguka hadi Kalisti akamaliza chai.

"Mfumo uliomo ni mzito kwake," Deus alitoa hukumu. "Ni kama umempandisha bibi kizee mlima na gunia la mahindi kichwani. Tunamshusha gunia. Tunampa Linux."

"Lina nini?" Kalisti aliuliza.

"Linux, shemeji. Mfumo. Huu nilionao ni ule mwepesi, wa mashine zilizozeeka. Na ni wa bure."

"Kitu cha bure." Kalisti aliinua nyusi kumtazama mkewe. "Tumetoa beberu kwa ajili ya kitu cha bure."

Deus alichomeka flashi. Ili mashine isome flashi badala ya kusoma uzee wake yenyewe, ilitakiwa kubonyeza F12 wakati inawaka. Kitufe cha F12 hakikuwepo. Palikuwa na shimo. Wakaomba njiti ya kibiriti, Deus akaitumbukiza shimoni, akabonyeza kwa ustadi wa mtu anayetoa funza, na kioo kikabadilika rangi. Conjesta alipiga kigelegele kimoja kifupi, kisha akajizuia.

"Sasa sikilizeni," Deus alisema, akavua kofia. "Nikibonyeza hapa, kila kitu cha zamani kinafutika. Hakuna kurudi."

"Kuna nini cha zamani?" aliuliza Conjesta.

Walitazama. Kulikuwa na picha moja ya mtu wa Ibaba wasiyemjua, amesimama mbele ya kabichi kubwa. Waliitazama kwa muda, wakamuaga, wakabonyeza.

Mashine ikaanza kuuliza maswali kama karani wa uhamiaji. Lugha gani? Kiswahili. Jina la mwenye mashine? Hapa Kalisti alidai kwamba yeye ndiye mwenye nyumba, hivyo jina liwe lake na neno la siri aliweke yeye, wengine wageuke ukutani. Waligeuka ukutani. Kisha ikaja ramani ya dunia nzima, na swali: uko wapi? Deus alibonyeza Dar es Salaam. Wakati huohuo kuku wa jirani akaingia kwenye beseni la unga uani, na watu wazima wote watatu wakatoka mbio, mmoja akiwa na ufagio.

Chumbani hakubaki mtu. Na kwa namna ambayo sayansi haijaieleza mpaka leo, kidoti kile chekundu kiliondoka Dar es Salaam, kikasafiri kusini-magharibi, kikapita juu ya Tunduma bila kusalimia, kikatua Lusaka.

Deus aliporudi, akiwa na unga hadi kwenye kope, alikuta swali jingine kabisa. Akaendelea.

*

Msomaji wa mbali anahitaji kuelezwa jambo moja. Tunduma imeshikana na Nakonde, ambayo iko Zambia, na Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukivuka barabara kununua sukari unarudi ujana wako kwa dakika sitini. Simu zetu nazo hazina msimamo: ukikaa upande huu wa kitanda zinashika mnara wa huku, ukijigeuza zinashika wa ng'ambo, na saa inaruka mbele na nyuma kama panzi. Kwa hiyo nyumbani kwa Conjesta hakuna aliyeamini saa ya simu. Saa ya ukutani nayo ilikuwa imesimama kwenye saa sita kasoro tangu betri yake ihamishiwe kwenye rimoti.

Ndiyo maana Deus alipomaliza kazi, mashine ikawaka kwa sekunde arobaini tu, na pale chini pembeni ikatokea saa nzuri yenye tarakimu kubwa, alitoa tamko.

"Kuanzia leo," alisema, "saa ya nyumba hii ni hii hapa. Mashine haiyumbi. Simu ziwekwe mbali."

"Amina," alisema Kalisti.

Jioni ile binti wa nyumba alicheza mchezo wa pengwini anayeteleza kwenye barafu hadi saa moja kamili, kisha akaizima kwa utii mkubwa. Mama yake alishangaa kidogo kuona giza limeingia mapema.

*

Jumanne mashine ilikataa kuona mtandao. Iliona kila kitu kingine, hata njiti ya kibiriti iliyovunjikia shimoni, lakini si mtandao. Deus alisema kadi yake ya mtandao ni ya kale na inahitaji programu yake maalumu. Alichomeka simu ya Conjesta kwa waya ili mashine ipate mtandao kupitia humo, akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika mstari mrefu wenye herufi zisizo na mpangilio.

"Inataka neno la siri, shemeji. Geukeni ukutani."

Waligeuka. Kalisti aliandika. Akasimama. Akaandika tena, kwa nguvu zaidi.

"Imekufa," alisema. "Kibodi imekufa. Naandika, haiandiki."

"Endelea tu."

"Deus, nakwambia hakuna kinachotokea! Sioni herufi, sioni nyota, sioni kitu!" Akawa anabonyeza kwa vidole viwili, meza ikitikisika. "Naandika G, hakuna G. Naandika L, hakuna L. Gloria1998, nimeiandika mara sita! Gloria! Moja! Tisa! Tisa! Nane!"

Conjesta aligeuka polepole.

"Gloria ni nani?"

Kalisti aliacha kubonyeza. "Ni ya misa," alisema. "Utukufu kwa Mungu juu mbinguni. Gloria. Mimi si mwalimu wa kwaya?"

"Na elfu moja mia tisa tisini na nane? Hiyo misa ilikuwa ndefu hivyo?"

"Mke wangu, mwaka ule niliimba vizuri sana."

Deus aliingilia kati kuokoa ndoa. Alieleza kwamba dirisha lile jeusi haliwezi kuonyesha neno la siri hata kidogo, linapokea kimyakimya, ndivyo lilivyoumbwa. Unaandika kama kipofu kisha unabonyeza kitufe cha kuingiza. Shida ya Kalisti ni kwamba aliandika mara sita mfululizo bila kubonyeza. Alimwambia aandike mara moja. Kalisti aliandika kwa unyonge, kila mtu akimtazama, maana hapakuwa tena na sababu ya kugeuka ukutani. Mistari ikaanza kushuka kama mvua, na baada ya robo saa mtandao ukaonekana.

"Imekubali," Deus alinong'ona.

"Na mimi nimesikia," alisema Conjesta, akaenda kuchochea moto.

*

Jumatano asubuhi nyumba iliamka mapema. Conjesta alivaa blauzi ya kitenge iliyopigwa pasi, na chini kanga ya jikoni, kwa kuwa Deus alimhakikishia kamera haifiki huko. Saa ya mashine ilionyesha saa mbili na nusu. Muda ulikuwa tele.

"Mbona wanafunzi wameshapita wote?" aliuliza Kalisti akichungulia dirishani.

"Walimu wa siku hizi wakali," alijibu Deus.

"Na jua je?"

"Shemeji, unataka nirekebishe na jua?"

Walijaribu kamera. Conjesta alijiona kwenye kioo, akajitengeneza kilemba. Walijaribu sauti. Mashine ilimwona lakini haikumsikia. Alisema hujambo, akaimba, Kalisti akaimba kwa sauti ya nne, na kile kipimo cha sauti hakikutikisika hata kwa nukta. Saa ya mashine sasa ilikuwa saa tatu na dakika saba. Deus alifungua tena dirisha jeusi, akatulia, kwa sababu bado walikuwa na karibu saa nzima.

Simu ikaita.

"Mama Conjesta? Habari za asubuhi. Naitwa Samwel, nipo Dar es Salaam. Tunakusubiri."

"Nzuri, baba. Mbona mmewahi hivyo?"

"Tumewahi? Mama, saa hizi ni saa nne na dakika saba. Mwenzako wa saa nne na nusu ameshafika. Nakupa dakika tano."

Simu ikakatika. Conjesta aliitazama saa ya mashine, akamtazama kaka yake, akaitazama tena saa. Hakupiga kelele. Alikaa chini tu, na macho yake mekundu ya moshi yakajaa, yakang'aa, lakini hayakumwagika.

"Deus," alisema. "Beberu wangu."

Deus alikuwa ameshaona. Pale pembeni ya saa, kwa maandishi madogo, paliandikwa Lusaka. Uso wake ukawa na rangi ya ule unga. "Sauti kwanza, dada. Sauti kwanza, utaniua baadaye." Vidole vyake vilikimbia. Zikatokea nguzo za kijani, na chini ya nguzo moja paliandikwa MM.

"MM ni nini?" Kalisti alifoka. "Mungu Mwema? Mtu Mjinga?"

"Maana yake maikrofoni imenyamazishwa!"

"Sasa ifumbue! Bonyeza M!"

"Nabonyeza!"

Alibonyeza M. Video ikafunguka, na mbele yao wakatokea watu wawili waliovaa suti, kijana mmoja na mama mmoja mwenye miwani, wamekaa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Na sauti ya kwanza kutoka Tunduma kufika ofisini humo, safi kama kengele, ilikuwa ya Conjesta akimwambia mumewe:

"Na huyo Gloria tutamzungumzia jioni."

*

Mama mwenye miwani hakutabasamu. Alisogeza karatasi zake.

"Mama Conjesta, tuseme ukweli. Kazi hii ni ya kupokea malori kwa wakati. Sasa kama mtu usaili wake mwenyewe saa imemshinda, na kwenye simu anatuambia tumewahi..." Alimtazama mwenzake, akacheka kidogo puani. "Labda mambo ya ofisi si ya kila mtu."

Kilikuwa kicheko kilekile cha steshenari, ila hiki kilikuwa na kiyoyozi. Kalisti aliinamisha kichwa. Deus alitazama sakafu. Conjesta aliinuka nusu, kama mtu anayetaka kuaga, akakumbuka kanga, akakaa. Kisha akaichukua ile barua iliyokunjwa mara nne, akaifungua mbele ya kamera.

"Samahani, dada. Barua yenu hii hapa. Imeandika saa nne asubuhi. Saa nne ya wapi?"

"Ya wapi kivipi?"

"Hapa kwetu ukimwambia mtu saa nne bila kusema ya wapi, hujamwambia kitu. Ya huku au ya ng'ambo? Hata mtoto ukimtuma anakuuliza. Nyinyi mna dereva anaitwa Rubeni, yule mwenye pengo, anayebeba shaba?"

Samwel aliinua kichwa. "Tunaye."

"Mwezi uliopita mlimwambia amuone wakala wenu kabla ya saa kumi na moja. Hamkusema ya wapi. Yeye anatoka Zambia, simu yake ina saa ya kule. Alifika saa kumi na moja kasoro kwa saa yake, kwetu ni saa kumi na mbili kasoro, wakala ameshafunga na kwenda. Ilikuwa Ijumaa. Rubeni amelala kwenye foleni hadi Jumatatu, anakula wali wangu na kulia. Nikamwambia, mdogo wangu, si kosa lako. Malori yenu yanachelewa hapa kila wiki, na wala si foleni. Ni saa. Na mimi leo nimechelewa kwa ugonjwa uleule, tofauti yangu ni kwamba mimi nalijua jina lake."

Ofisini Dar es Salaam watu wawili walitazamana.

"Rubeni tulimwandikia barua ya onyo," alisema Samwel polepole.

"Basi mwandikieni nyingine ya kumwomba radhi," alisema Conjesta. "Na mwishoni muweke saa, na mseme ya wapi."

Mama mwenye miwani aliivua miwani. Akacheka, safari hii kwa kinywa chote, hadi akashika meza. "Kibemba unajua kweli, au uliandika tu?"

"Mulishani, mayo," alijibu Conjesta, akaendelea kwa dakika mbili nzima bila kituo. Hakuna mwingine aliyeelewa, ila Deus anaapa kwamba alisikia neno beberu.

Barua ilikuja Ijumaa. Aanze kazi Jumatatu, saa mbili asubuhi, na mbele yake kwenye mabano wameandika: saa za Tanzania. Kalisti aliibandika ukutani, juu ya saa iliyosimama. Conjesta aliipeleka nakala kwa Ambilikile akaichapishe upya kwa rangi, akasubiri pale huku akipepewa na ile feni, maana aliigeuza mwenyewe.

Na hivyo ndivyo ajali ndogo ya kijiografia, isiyosababishwa na mtu yeyote, ilivyoipatia familia moja

*

"Goodness!"

Hapo ndipo nilipoitwa. Nilikuwa nimeacha daftari la hadithi hii mezani nikaenda kuchukua kalamu nyingine, na niliporudi baba alikuwa amelishika, anasoma kwa sauti, mama na mjomba wanasikiliza. Walikuwa wamecheka pale kwenye kabichi. Kwa Gloria baba aliruka ukurasa. Sasa hakuna aliyekuwa anacheka.

"Mtunzi," alisema baba kwa upole wa kutisha. "Umeandika kwamba chumbani hakubaki mtu."

"Ndiyo, baba."

"Na kidoti kilikuwa chekundu."

"Ndiyo."

"Mimi sikukiona. Deus hakukiona. Nani alikiona?"

"Baba, hii ni hadithi. Msimulizi anaona kila kitu."

"Na msimulizi alikuwa uani anaosha vyombo."

"Kama kawaida yangu."

"Goodness." Aliweka daftari chini. "Siku ile vyombo niliosha mimi."

Hapa nikiri rasmi, mbele ya wazazi, walezi na wageni waalikwa. Ni mimi. Nilipenya mlango wa mbele walipotoka na ufagio, nikabonyeza Lusaka, nikabonyeza endelea, nikatoka. Sikutaka kumharibia mama usaili. Usaili sikuufikiria hata kidogo, na hilo ndilo baya zaidi. Nilifikiria saa moja ya jioni. Nilihesabu kwamba ikiwa saa ya ng'ambo, nitapata dakika sitini za pengwini. Na asubuhi ile ya Jumatano, mama alipokaa na macho yake yale, nilikuwa nyuma ya pazia, na nilitamani kidoti kinirudie kinimeze.

Nilisema yote hayo nikitazama sakafu. Mjomba Deus, aliyekuwa amebeba lawama kwa siku tano, alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyeshushwa gunia la mahindi kichwani. Nadhani mama aliuma shavu ili asicheke, lakini sina uhakika, kwa kuwa leo nimeacha kuona kila kitu.

"Kesho," alisema hatimaye, "vyombo vyote, na masufuria yote ya biashara ninayoifunga, uwe umeanza kuyasugua saa kumi na mbili asubuhi."

Ningekaa kimya ningekuwa mtu mwingine.

"Saa kumi na mbili ya wapi, mama?"

"Ya huku," alisema. "Ukimaliza, unaanza tena ya ng'ambo."